Kwa dada aliyeuliza kama mzee wake akandwe uso uliopooza

Dada wa Ahero, umeuliza kama umpeleke mzee wako kwa yule mtu wa osteopathi, wale wanaotibu kwa kushika na kukanda mwili, amshike kwa mikono, maana uso wake umelala upande mmoja tangu jana. Mimi hii kitu ilinipata, wacha nikwambie vile ilienda.

Niliamka hapa Kondele nikienda kusukutua, maji yakatoka yenyewe upande wa kushoto, kuangalia kioo jicho halifungi na paji halikunji hata kidogo. Mama akasema ni upepo wa ziwa, jirani akasema nimerogwa, basi nikakaa siku mbili napakwa mafuta ya moto na kukandwa shavu. Hizo siku mbili zinaniuma mpaka leo, kwa sababu vidonge vya prednisolone, dawa ya kushusha uvimbe, vinatakiwa vianzwe ndani ya saa 72 na mimi nilivimeza siku ya tatu jioni, nusura nichelewe. Neva ya uso, ule mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, inapita kwenye mfereji mwembamba ndani ya mfupa nyuma ya sikio, ikivimba inabanwa humo humo, na hapo kidole cha mtu hakifiki.

Kwa osteopathi nilienda baadaye, mara nne. Alinishika shingo, chini ya fuvu na taya, polepole hadi nikafikiri bado hajaanza. Shingo iliachilia na yale maumivu ya nyuma ya sikio yakapungua, nikalala, hiyo siwezi kumnyima. Lakini uso ulianza kurudi wiki ya tatu na siwezi kuapa ni mikono yake, maana karibu watu 7 kati ya 10 hupona hata bila dawa.

Sasa mwambie mzee ainue nyusi. Kama paji linakunja pande zote mbili na mdomo ndio umeenda, au mkono umelegea au maneno yanakwama, hiyo inaweza kuwa stroki, usingoje hata matatu ijae, chukua gari mkimbie. Hata kama halikunji, ni hospitali leo. Kama ana sukari amwambie daktari kabla ya kupewa vidonge, na waangalie sikio kama lina malengelenge.

Na jicho dada, jicho jamani! Matone mchana, mafuta ya macho usiku, halafu ulifunge vizuri kwa plasta kabla alale, likikauka linapata kidonda. Ya kukandwa mtaongea wiki ijayo. Ukishamfikisha niandikie hapa, niko macho.