Protini isiyo na umbo moja hushikanaje na wenzake?

SWALI: Nasomea biokemia, shahada ya kwanza. Tumefundishwa kwamba umbo la protini ndilo linaloamua kazi yake, mfano wa ufunguo na kufuli. Lakini nasoma kwamba p53, protini inayotukinga na saratani, ina sehemu ndefu zisizo na umbo maalumu. Sasa inashikanaje na protini nyingine? Na hali hiyo inahusianaje na ugumu wa kupata dawa?

JIBU: Ulichofundishwa ni kweli, ila hakijamalizia habari. p53 ina asidi amino 393, yaani vijenzi vilivyoungana kama mnyororo. Zile za katikati zimejikunja vizuri, na ndizo zinazoshika DNA. Ncha zake mbili ndizo zinazokusumbua: hubadili mkao muda wote, na hutulia tu zinapopata wa kushikana naye.

Chukua ncha ya mwanzo. Ikikutana na protini iitwayo MDM2, kipande chake kifupi hujisokota kuwa helisi, yaani umbo kama springi. Msokoto huo huziweka upande mmoja asidi amino tatu, yaani fenilalanini ya 19, triptofani ya 23 na leusini ya 26, nazo huzama ndani ya bonde lililo juu ya MDM2. Muundo wa muungano huo, uliopatikana kwa kupiga fuwele zake eksirei, ulichapishwa mwaka 1996. MDM2 huibandika p53 ubikwitini, alama ya kuipeleka ikavunjwe, na hivyo seli yenye afya huizuia p53 isizidi kiasi.

DNA ikiharibika, mambo hugeuka. Kwa kuwa ncha hiyo iko wazi na inanyumbulika, vimeng'enya huifikia kwa urahisi na kuipachika fosfati. Fosfati ikikaa kwenye treonini ya 18, MDM2 haishiki tena sawasawa, na ncha ileile hushikana vizuri zaidi na p300, protini nyingine ambayo husaidia kuwasha jeni za kusimamisha mgawanyiko wa seli. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kujisokota kunagharimu nishati, na gharama hiyo hupunguza nguvu ya mshiko. Ndiyo maana mshiko wa aina hii unaweza kuwa wa kuchagua sana na bado ukaachia upesi.

Ncha ya mwisho inashangaza zaidi, na kwangu mimi ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote. Kipande kilekile hushikana na protini tofauti kwa maumbo tofauti: huwa helisi kikishikwa na S100B, hunyooka kama utepe kikishikwa na sirtuini, na kwa saiklini A hukaa mkao mwingine kabisa.

Saratani huingilia mpango huu kwa njia zaidi ya moja. Takriban nusu ya saratani za binadamu zina mabadiliko katika jeni ya p53, mengi yakiwa kwenye ile sehemu ya katikati. Nyingine, kama baadhi ya sakoma (saratani za mifupa na tishu laini), huiacha p53 ikiwa nzima lakini hutengeneza MDM2 kupita kiasi, hivyo mlinzi huvunjwa kabla hajafanya kazi.

Kuhusu dawa: ncha inayocheza haina shimo la kudumu la kukaa molekuli ndogo, lakini bonde la MDM2 lipo. Nutlini, molekuli ndogo zilizotangazwa mwaka 2004, huingia humo kwa kuiga zile asidi amino tatu, hivyo MDM2 haiwezi kuishika p53. Hata hivyo, seli zenye afya nazo zina p53, na dawa za kundi hili zikijaribiwa kwa wagonjwa zimeonekana kupunguza chembe sahani za damu. Myc, protini nyingine inayohusika na saratani, ni ngumu zaidi: hupata umbo inapoungana na protini mwenzake MAX, na hata hapo haina bonde la kina la kulenga.

Ukitaka kujionea, fungua utabiri wa umbo la p53 uliofanywa na AlphaFold, programu ya akili bandia. Utaona ncha zimepewa alama ndogo za uhakika. Usiuchukue mkao uliochorwa pale kuwa umbo halisi. Kwa ncha hizo, tafuta vipimo vya NMR (mbinu inayotumia sumaku kali kuchunguza molekuli), maana hupima protini ikiwa ndani ya maji, inacheza.