Maswali ya asembli: taa isiyowaka, sekunde nane, na mashine ya vifaranga

Asembli ni lugha ya kuandika amri za chipu moja moja. Karibu wote walioandika safari hii wanatumia ATmega328P, ile chipu ya bodi ya Arduino Uno. Pasipotajwa chipu nyingine, majibu ni ya hiyo.

Shikamoo mwalimu. Nimeandika programu ya kuwasha taa lakini haiwaki. Naomba msaada. (Mwanafunzi, Iyunga, Mbeya)

Marahaba. Hujataja pini, hujasema umepakia programu kwa kifaa gani, na mistari yako hujaileta. Barua za hivi zinakuja kila mara, na mwenye kuniandikia namna hiyo ananiomba nipige ramli. Ukiuliza, taja chipu, kasi ya saa yake, pini, rezista uliyoweka na msimbo wenyewe.

Kwa leo, fanya hivi. Zima taa ya chumba, funga pazia, uitazame LED yako pale kwenye bredibodi (ubao wa kujaribia saketi). Ikionekana inawaka kwa mbali sana, umeandika PORTB (ya kuwasha na kuzima pini) bila kuandika DDRB (ya kuamua pini iwe ya kuingizia au ya kutolea) kwanza. Pini bado ni ya kuingizia, na ulichowasha ni rezista ya ndani ya kuvuta juu, ambayo ni kati ya kiloomu 20 na 50. Haipitishi mkondo wa kutosha taa. Weka `sbi DDRB, 5` kabla ya `sbi PORTB, 5`. Ikiwa giza kabisa, geuza miguu ya LED, kisha hakikisha programu imeingia kweli kwenye chipu.

Asembla inakataa `ldi r5, 10`. Kwa nini? (Mafinga)

LDI, amri ya kupakia namba kwenye rejista, inafanya kazi na rejista r16 hadi r31 tu. Pakia kwenye r16 kisha `mov r5, r16`.

Mwalimu, nilinakili kichelewesho cha nusu sekunde. Kwenye bodi ya Uno kinakwenda sawa. Nilipoweka chipu mpya peke yake kwenye bredibodi, taa inakaa sekunde nane ndipo ibadilike. Chipu ni feki? (Fundi, Mwanjelwa)

Chipu ni nzima, na swali lako ni zuri. Kichelewesho chenyewe ni hiki:

```
    ldi r18, 41
    ldi r19, 150
    ldi r20, 128
L1: dec r20
    brne L1
    dec r19
    brne L1
    dec r18
    brne L1
```

Chukua kalamu. LDI ni pigo 1 la saa, DEC (punguza moja) pigo 1, BRNE (ruka kama jibu si sifuri) mapigo 2 inaporuka na 1 isiporuka. Mzunguko wa ndani wa kwanza unakula mapigo 383, na kila unaofuata unakula 767, kwa sababu r20 ikishafika sifuri, DEC inayofuata inaipeleka 255, kwa hiyo inazunguka mara 256. Endelea kujumlisha hadi nje utapata 8,000,000 kamili. Uno ina kristali ya 16 MHz: milioni nane kwa milioni kumi na sita ni nusu sekunde. Chipu mpya inatoka kiwandani ikitumia saa yake ya ndani ya 8 MHz iliyogawanywa kwa 8, yaani 1 MHz. Hesabu ni ileile, saa ndiyo imepungua mara 16, na sekunde zako nane zimetoka hapo. Usikubali kichelewesho chochote ambacho hujakihesabu mwenyewe kwa mkono angalau mara moja.

Kuondoa mgawanyo huo, badilisha fyuzi ya chini (fyuzi ni mipangilio ya kudumu ya chipu, huandikwa kwa kifaa cha kupakia) kutoka 0x62 kuwa 0xE2. Utapata 8 MHz, na kichelewesho hiki kitakuwa sekunde moja. Ukitaka 16 MHz, funga kristali kati ya mguu wa 9 na wa 10, na kapasita mbili za pikofaradi 22 kwenda ardhini, NDIPO ubadilishe fyuzi iwe 0xFF. Ukianza na fyuzi bila kristali, chipu itanyamaza na kifaa cha kupakia hakitaiona tena. Watu wengi hapo huitupa. Usiitupe: ifungie kristali nayo itaamka. Fyuzi za RSTDISBL (ya mguu wa kuanzisha upya) na SPIEN (ya kupakia programu) usiziguse kabisa, maana ukizikosea, kifaa cha kawaida cha kupakia hakitakusaidia tena.

Na kwa kuwa umeshatoka kwenye bodi: kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 7 na wa 8, nyingine kati ya wa 20 na wa 22, na rezista ya kiloomu 10 kutoka mguu wa 1 kwenda volti 5. Chipu ikijizima na kujiwasha kila ukisogeza mkono, umeruka moja ya hivi.

C ipo. Kwa nini nijitese na asembli? (Mwanafunzi, Iringa mjini)

Kazi ya mteja andika kwa C. Lakini mtu asiyeweza kusoma asembli hajui C yake imegeuka nini ndani ya chipu. Chipu yenye RAM ya kilobaiti 2 tu inataka mtu anayejua kila baiti ilipokwenda. `sbi`, amri ya kuwasha biti moja, inachukua mapigo 2, yaani nanosekunde 125 kwa 16 MHz. digitalWrite, amri ya Arduino ya kuwasha pini, inakula makumi ya mapigo kwa kazi ileile. Andika programu yako ya C, ikompaili, kisha endesha `avr-objdump -d` usome kilichotoka. Fanya hivyo kwa muhula mmoja kisha uniandikie tena. Mafundi wa kunakili bila kusoma tunao tele. Wa kufungua kifaa na kueleza kwa nini kimekwama ndio tunaowakosa huku kwetu.

Natuma herufi kwa kompyuta, zinafika takataka. Zaidi asubuhi kukiwa na baridi. (Njombe)

Saa ya ndani. Usahihi wake kutoka kiwandani ni asilimia 10 juu au chini, na unabadilika na joto pamoja na volti. Mawasiliano haya yanavumilia kama asilimia 2. Asubuhi ya Julai Njombe inatosha kuisukuma nje ya mstari. Weka kristali. Kwa 16 MHz na kasi ya 9600, UBRR0, rejista ya kupanga kasi hiyo, ni 103. Rejista hiyo iko mbali, amri ya OUT haiifikii, tumia STS.

Programu yangu ilikuwa nzima. Tangu niwashe interapti ya taima, hesabu zinakosea mara mojamoja, siwezi hata kujua lini. (Uyole)

Hili ndilo kosa linalokomaza watu, kwa sababu halionekani kwenye mstari wowote. Tazama: programu yako imefanya `dec r20`, jibu ni sifuri, bendera ya Z (alama ya sifuri) imesimama ndani ya SREG, rejista ya hali. Kabla `brne` haijaisoma, taima inaita: hiyo ndiyo interapti, chipu inaacha kazi yake kwa muda. Utaratibu wako wa interapti unafanya hesabu zake, Z inashuka, chipu inarudi, na `brne` inaruka mahali ambapo haikupaswa kuruka. Itatokea pale tu interapti itakapoangukia katikati ya amri hizo mbili, na huwezi kuichungulia. Chipu hii haikuhifadhii SREG. Kazi hiyo ni yako:

```
    push r16
    in   r16, SREG
    push r16
    ; kazi yako hapa
    pop  r16
    out  SREG, r16
    pop  r16
    reti
```

Inakugharimu mapigo 10. Rejista nyingine yoyote unayoigusa humo ndani nayo isukume kwenye steki (rundo la kuhifadhia kwa muda ndani ya RAM), na uitoe kwa mpangilio wa kinyume. Mwisho uwe RETI, amri ya kurudi inayofungulia interapti tena. Ukiandika RET, interapti itaita mara moja tu halafu kimya.

Ukihamia ATmega8, ambayo bado imejaa kwenye vifaa vya zamani, steki yake inaanzia sifuri. Lazima uipakie RAMEND (anwani ya mwisho ya RAM) mwenyewe kabla ya RCALL (mwito wa utaratibu mdogo) ya kwanza. Kwenye 328P kiwanda kimekufanyia hilo. Iandike hata hivyo.

Mwalimu nitumie programu kamili ya taa za makutano ya Mafiat, mradi unakabidhiwa Ijumaa.

Hapana, mwanangu. Chora hali zote za taa kwenye karatasi, ziweke kama jedwali ndani ya flashi (kumbukumbu ya programu), uzisome kwa amri ya LPM. Anwani ya jedwali izidishe kwa 2, `ldi ZL, low(2*jedwali)` na ZH vivyo hivyo, maana flashi inahesabiwa kwa maneno ya baiti mbili na LPM inahesabu baiti mojamoja.

Nataka kidhibiti cha joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga, kwa asembli. Nina DHT11. (Mfugaji, Makambako)

Ndugu yangu, kipima joto cha DHT11 kiache. Kinaweza kukosea nyuzi 2 juu au chini, na mayai yanataka 37.5 kwa wiki tatu mfululizo. Chukua DS18B20, inayokosea nusu nyuzi, na rezista ya kiloomu 4.7 kutoka waya wa data kwenda volti 5. Kuiamsha, shusha waya kwa mikrosekunde 480 au zaidi. Ukiwa unasoma biti, zima interapti. Ukiona inasoma 85 mara tu baada ya kuwasha, haijaharibika. Hujaisubiri: kipimo cha biti 12 kinachukua hadi milisekunde 750.

Rilei (swichi ya umeme ya kuwasha balbu ya joto) usiiunge moja kwa moja kwenye pini. Pini haitakiwi kuvuka miliampia 40, na koili ya rilei ya volti 5 kwa kawaida inataka zaidi ya hapo. Weka transista, na dayodi ya 1N4007 kinyume kwenye koili. Washa balbu kwenye 37.3 na uizime kwenye 37.7, la sivyo rilei itagonga usiku kucha hadi ife.

Hukuuliza, ila nakuambia. Umeme ukishuka nguvu jioni bila kukatika kabisa, chipu inaweza kutekeleza amri zisizo zako. Washa kinga ya volti 4.3, inayoisimamisha chipu volti zikishuka chini ya hapo, kwa fyuzi ya nyongeza 0xFC, uwashe na watchdog (saa inayoanzisha chipu upya programu ikikwama), ukiweka WDR, amri ya kuituliza, mahali pamoja tu ndani ya mzunguko mkuu. Halafu nunua thermostati ya kawaida isiyo na chipu, uipange ikate kwenye 39, uiunge kwa mfululizo na balbu. Rilei iliyogandia haisikii programu ya mtu. Upande wa volti 230 mwachie fundi umeme.

Microchip Studio ipo kwa Linux? (Tukuyu)

Haipo. Tumia avra (asembla) na avrdude (ya kupakia), na kama Nano yako ya bei nafuu inakataa kupakia kwa 115200, jaribu 57600.