Skripti inaning'inia ikiunganishwa na hifadhidata ya wingu

Ndugu, kama skripti yako ilisoma data za programu ya biashara bila shida kwenye kompyuta yako, na sasa hifadhidata ikiwa kwenye wingu inasubiri tu hadi muda uishe, nenosiri liache kwanza. Likikosewa, kosa hurudi papo hapo. Ukimya mara nyingi ni dalili kwamba umezuiwa mlangoni na ukuta wa moto (firewall) wa hifadhidata. Kwenye mipangilio ya ukuta huo, ruhusu anwani ya IP ya seva inayoendesha skripti yako ifikie poti husika (namba ya mlango wa mtandao): kwa kawaida hifadhidata za PostgreSQL hutumia 5432, za MySQL 3306. Usiweke 0.0.0.0/0 tafadhali, hapo umeifungulia dunia nzima! Washa TLS pia, yaani usimbaji wa data zikiwa njiani.

Kusoma sawa, ila kuandika pitia API ya programu yenyewe (njia yake rasmi ya kupokea maombi kutoka kwa skripti); ukiandika moja kwa moja kwenye majedwali unaruka ukaguzi wake, na hesabu zitakuja kugongana.