Sikio la Fundi: Kwa Mnaoanza Useremala, Kutoka kwa Mtoto wa Fundi Mpiga Rizimu

Wadogo zangu mnaoingia kwenye useremala, iwe mmetoka chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe na cheti mkononi au mmeletwa na mjomba pale Keko, Dar es Salaam, mkaambiwa "haya, shika randa", nawaandikieni niliyoyapata kwa baba yangu wa kambo. Mchana alikuwa seremala, na usiku wa mwisho wa wiki alikuwa mpiga gita la rizimu kwenye bendi ya dansi. Ametutoka, Mungu amrehemu. Kila ninapomwelekeza kijana mpya najisikia nikitumia maneno yake, na si haki kuyatumia bila kumtaja mwenyewe.

Karakana yake ilikuwa Keko, kwenye ile mitaa ambayo mashine unazisikia kabla hujaona kitanda hata kimoja. Mtaa mzima walimwita Fundi. Mama alipoolewa naye nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, na mimi nikamwita Fundi vilevile. Mama alikuwa akikereka, yeye akimwambia, "Mwache." Hakunilazimisha hata siku moja. Neno baba lilinitoka lenyewe nilipokuwa sekondari, nikimtambulisha kwa mwalimu wangu wa darasa, naye akaendelea kusalimiana na mwalimu kama mtu aliyeitwa hivyo tangu zamani. Ndivyo alivyokuwa: hakuvuta kitu kabla hakijawa tayari kuja. Na ukiniuliza ufundi wake ulikuwa wapi, nitakwambia ulikuwa masikioni. Alifanya kazi kwa kusikiliza.

Tuanze na mbao, maana ndiko hela yako ya kwanza itakakopotelea. Tulipokwenda kununua, Fundi alikuwa akichukua ubao, anaushika sehemu moja tu ili uning'inie huru, kisha anaugonga kwa kifundo cha kidole. Ubao mkavu unalia kwa sauti ya juu, iliyo wazi. Mbichi unaitika kwa sauti nzito iliyozimika, kana kwamba umegonga gunia. Lakini msidanganyike mkadhani kugonga kunatosha. Alikuwa anagonga mbao kadhaa za aina moja na unene mmoja ili alinganishe, kisha anazipima uzito mkononi, na zile alizozitilia shaka aliziacha hata muuzaji akinuna. Siku hizi kuna vipimo vidogo vya unyevu. Ukiweza kukipata, kitumie. Kwa samani za ndani hapa pwani ubao wenye unyevu wa asilimia 12 hadi 15 unakufaa. Ukinunua mbichi, panga na vijiti katikati ili hewa ipite, kivulini, na uwe na subira. Kanuni ya wazee ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kabati lililotengenezwa kwa mbao mbichi linatoka karakana likipendeza, halafu milango yake inaanza kujikunja nyumbani kwa mteja, na jina lako nalo linajikunja.

Jueni pia tabia za miti. Mninga unamsamehe fundi: ukikauka haujikunji sana, unakubali randa, unakubali vanishi. Lakini mninga umekuwa ghali, na hakuna mtu atakayekupa ubao wake ujifunzie. Mtaanzia kwenye misindano, ile inayoshuka kutoka Sao Hill kule Mufindi, na si vibaya. Msindano ni laini, vifundo vyake vingi, na ukiweza kuuranda ukatoka safi bila kuchanika penye vifundo, mninga utauona mwepesi. Mkaratusi ukiletewa, uliza kwanza ulikaushwa vipi. Unapenda kujisokota.

Kuhusu randa, nitawaambia nilivyofundishwa. Fundi aliniweka kwenye benchi moja, yeye akafanya kazi kwenye benchi jingine akinipa mgongo. Nikawa naranda. Kisu kikiwa kikali na ubao ukielekea upande wake, randa inatoa sauti moja ndefu, na maranda yanatoka kama utepe. Ukienda kinyume na nyuzi za mbao sauti inakatika katika, inararua. Mimi kabla sijaona alama yoyote kwenye ubao, nasikia kwa mgongoni, "Geuza." Nageuza. Baadaye kidogo, "Noa." Natoa kisu, naenda kwenye jiwe. Asubuhi nzima hakugeuka kunitazama, na kila alichosema kilikuwa kweli. Mwishowe na mimi nikaanza kusikia. Sasa nikiwa nimekaa nje na kikombe cha chai najua kijana gani ndani anaranda na kisu butu.

Kwa hiyo, nyie mnaofanya kazi na simu ikipiga muziki ubaoni, nawaomba miezi ya mwanzo mzime. Huyu aliyenifundisha haya alikuwa mwanamuziki, alipenda muziki kuliko wengi wetu, na karakana yake haikuwa na redio hadi kazi ya kukata na kuranda iishe. Ukifika muda wa kupiga msasa na vanishi, hapo ndipo redio iliwashwa, na ukisikia bendi za Sikinde au Msondo ujue kabati limekaribia kwenda kwa mwenyewe.

Somo kubwa la vipimo nililipata kwenye gita, si kwenye samani. Wapiga gita walimletea magita yao yaliyovunjika shingo au yaliyolika pau zile za chuma wanazoziita freti. Safari moja aliletewa gita ambalo ubao wa shingo umeoza kabisa, akaamua kuuchonga upya kwa kipande cha mpingo. (Mpingo huu huu wa kwetu wa Kilwa na Lindi ndio unaotengenezewa klarineti na obo huko ng'ambo. Aliwaambia habari hiyo wateja wote, hata aliyekuja kununua stuli.) Kabla ya hapo alikuwa akinakili nafasi za freti kwa kijiti kutoka kwenye gita jingine. Safari hii halikuwepo la kunakili, na yeye aliishia darasa la saba, kwa hiyo hesabu nilimfanyia mimi kwa kikokotoo cha shule.

Hesabu yenyewe ni hii. Unapima urefu wa uzi kutoka kwenye kijifupa cha karibu na kichwa cha gita hadi kwenye daraja lake. Tuseme ni milimita 650. Unagawa kwa 17.817, unapata karibu milimita 36.5, hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa. Urefu uliobaki unaugawa tena kwa namba ileile, unapata umbali wa kwenda freti ya pili, na unaendelea hivyo. Ukifika ya 12 unajikuta katikati kabisa, milimita 325. Nilipomaliza nikachukua rula nikaanza kutia alama: ya kwanza, kisha kutoka hapo ya pili. Akanishika mkono. Akaniambia nijumlishe zote kwenye karatasi kwanza, kila freti iwe na umbali wake kutoka kwenye kijifupa, halafu nilaze futikamba mara moja tu na nitie alama zote bila kuinyanyua. Ukipima kutoka alama hadi alama, ukazidisha nusu milimita kila mara, kwenye freti ya 12 umeshapotea milimita 6. Gita hilo halitalia sawa hata ulifunge nyuzi mpya kila wiki.

Lichukueni hilo mlipeleke kwenye rafu za kabati, kwenye mbao za kichwa cha kitanda, kwenye ngazi. Pimeni kutoka sehemu moja, futikamba ikae palepale. Na kama vipande vinatakiwa kulingana, acheni kupima kila kimoja. Kateni cha kwanza, kihakikisheni, kisha kiwe kipimo cha vyote, na kiandikwe kwa kalamu ili msije mkakata cha tatu kwa kufuata cha pili. Nimeona vijana wenye cheti kizuri wakipata shida kwenye jambo hili kwa sababu walijifunza kusoma futikamba lakini hakuna aliyewaambia kosa linavyojikusanya.

Sasa suala la vifaa. Fundi alipiga rizimu miaka mingi kwa gita lisilo lake. Ndivyo dansi lilivyokuwa nchini. NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964 ilikuwa bendi ya jumuiya ya wafanyakazi, wanamuziki wakilipwa mshahara, na bendi nyingine nyingi zilifuata njia hiyo au zilikuwa na tajiri wake. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki akihama aliondoka na ujuzi wake na nguo zake. Fundi aliyaona haya kwa wenzake waliopiga vizuri kuliko yeye, bendi zilipokufa wakabaki na vidole tu. Ndiyo maana upande wa useremala alikuwa mkali: mshahara wangu wa kwanza kwake haukuwa fedha, ulikuwa randa. Wa pili, patasi mbili. Niliudhika sana wakati ule. Nyinyi ambao hamna mzee wa kuwafanyia hivyo, jifanyieni. Mkipata malipo, kabla ya simu mpya, nunua kifaa kimoja kizuri: futikamba, skwea iliyonyooka, msumeno wa mkono, randa, patasi, jiwe la kunolea. Vyenye jina lako. Mashine za umeme zitakuja, na siku utakapogombana na tajiri wa karakana utaweza kuondoka ukaanza mahali pengine kesho yake.

Jambo ambalo watu walimshangaa nalo ni namna alivyobeba kazi mbili. Dansi likiisha alfajiri, asubuhi yupo karakana. Lakini siku hiyo hakugusa mashine ya kupasua wala ya kuranda. Alinoa visu na misumeno ya wiki nzima, alipiga msasa, alipaka vanishi, alikwenda kudai madeni. Mteja angekuja na haraka zake, angeambiwa kesho. Mpiga gita anahitaji vidole vyote vya mkono wa kushoto, na hakutaka kuviweka rehani kwa ajili ya saa mbili za kazi. Pale Keko rika lake lina mafundi wengi waliopungukiwa vidole. Yeye tulimzika na vidole vyake kumi. Basi na wewe usiyelala usiku kwa kuendesha bodaboda au kukesha na mgonjwa, ukija kazini sema ukweli kwa fundi wako kwamba hujalala, omba kazi ya msasa. Fundi anayekucheka kwa hilo, mhame.

Wateja aliwasikiliza kama alivyosikiliza ubao. Mtu akisema anataka kabati "kama la kwenye picha hii", Fundi aliuliza linakaa chumba gani, mlango wa chumba una upana gani, ukuta una unyevu, nani atalifungua, watoto wapo? Akipata majibu anaandika kwenye daftari mbele ya mteja, wote wawili wanasoma, kisha ndipo bei inatajwa. Adivansi aliyochukua haikupungua gharama za mbao zote, na fedha ile ilikwenda kununua mbao za mteja huyo huyo, si kumalizia kitanda cha aliyetangulia. Hapo ndipo mafundi wengi tunapoitwa waongo. Si kwamba hatujui kazi. Tunaziba shimo la Juma kwa fedha za Asha, na Asha akija hakuna kitu.

Kwa wasichana mlioingia, nawaongezea kidogo. Mteja atakuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Nimeulizwa hivyo nikiwa na randa mkononi. Baba alikuwa akijibu kutoka alipo, "Huyo hapo," kisha anaendelea na yake, haji hata kusaidia. Mkipata mtu wa kuwajibia hivyo mshukuruni. Msipompata, jibuni wenyewe na muendelee kupima. Na kama ujuzi mliupata mtaani bila kupita darasani, VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi wa namna hiyo: unapimwa, ukifaulu unapewa cheti. Mimi ninacho, na kinafungua milango ya kazi za maofisi.

La mwisho ni masikio yenyewe. Mashine ya kuranda inapita desibeli 90 bila shida, wakati kiwango kinachokubalika kwa kazi ya saa 8 ni 85. Ukiongeza na spika za ukumbini, Fundi alilipa. Miaka yake ya mwisho uzi wa kwanza wa gita hakuusikia vizuri. Nilimkuta ameegemeza kichwa cha gita kwenye taya ili mtetemo umfikie kwa njia ya mfupa, akikaza polepole hadi aridhike. Aliniambia nisiwaajiri vijana kabla sijanunua vya kuzibia masikio, na vya puani pia, kwa sababu vumbi la mbao ngumu limethibitishwa kuleta saratani ya pua. Kitambaa cha kufunga usoni hakizuii vumbi laini. Tafuteni barakoa ya vumbi inayobana vizuri pembeni. Vya masikio vile vya sponji bei yake ni ndogo kuliko chipsi na soda. Nunua, weka mfukoni, vaa kabla swichi haijawashwa, na ukimaliza na mashine uvivue ili usikie randa.