Eti shaba ya Katanga ililetwa na Wabelgiji?

SWALI: Mhariri habari za kazi, kijiweni tunabishana, wengine wanasema kabla ya Wabelgiji hakuna aliyejua shaba kule Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ni kweli? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Hapana kabisa ndugu yangu, na hii stori huwa inaniuma. Wenyeji waliyeyusha shaba karne nyingi kabla mzungu hajafika, kazi ilikuwa ya kiangazi, wanachimba yale mawe ya kijani, wanajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wanajaza makaa ya miti migumu ya miombo halafu watu wanavukuta kwa zamu mpaka shaba inachuruzika. Walitengeneza misalaba ya shaba, ikatumika kama pesa, na imekutwa makaburini bonde la Upemba, huko huko Katanga. Karne ya 19 akaja Msiri, Mnyamwezi wa huku kwetu kabisa, akatawala pale Bunkeya na kuuza shaba na pembe za ndovu, akauawa Desemba 1891 na msafara wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba madini, Union Minière, imeanzishwa 1906, ikaanza kuyeyusha Lubumbashi 1911, na machimbo yake mengi yalikuwa mashimo yaleyale ya wenyeji, kwa mfano Kambove.