Ogopa kukaukiwa kabla ya kuogopa kuvuja

Wewe uliyewekewa stoma juzijuzi, yaani tundu la tumboni linalotoa kinyesi kwenye mfuko uliobandikwa juu yake, na bado una hamu ya milima, mito na miamba, karibu. Inawezekana: Rob Hill wa Kanada alifika kilele cha Everest mwaka 2010 akiwa na stoma. Najua kinachokunyima usingizi ni mfuko kubanduka mbele za watu. Nami niliwaza hayohayo, nikajaza begi mifuko ya akiba, nikasahau kitu kilichokuja kuniangusha.

Stoma yangu ni ya utumbo mwembamba. Utumbo mpana ndio unaomalizia kunyonya maji na chumvi. Kwetu sisi tusiokuwa nao, vyote huishia mfukoni. Siku ya kwanza mlimani nilikunywa maji matupu chupa baada ya chupa. Kadiri nilivyokunywa ndivyo mfuko ulivyojaa majimaji. Mchana misuli ya mapaja ikakaza, kichwa kikazunguka, mkojo ukawa haba na wa rangi nzito. Maji matupu yakizidi hutoka na chumvi ya mwili. Sasa nabeba pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, nakunywa kidogokidogo tangu asubuhi kabla kiu haijanishika, na sikosi kitu chenye chumvi cha kutafuna. Ukiona dalili kama zangu, simama, mwambie mwenzako, geukeni. Mwenye stoma ya utumbo mpana ana nafuu hapa, ila naye asijisahau.

Kuvuja kupo, lakini kunazuilika. Jasho hulegeza gundi, kwa hiyo siku za joto badilisha mapema kuliko ulivyozoea, wala usiache mifuko juani. Kwenye baridi gundi hukakamaa. Kibandiko kinachoshikilia mfuko tumboni kiweke kwapani dakika chache kwanza. Tundu lake la kupitisha stoma likate ukiwa bado nyumbani, maana vidole vikishakufa ganzi mkasi haushikiki. Akiba igawe, nusu kwako, nusu kwa mwenzako, mto usije ukaondoka na yote.

Mikanda ya kupandia miamba ijaribu ukiwa unaning'inia. Uliokaa vizuri kiunoni ukisimama hupanda juu uzito wako ukiuangukia, ukakandamiza stoma. Na stoma haisikii maumivu: inaweza kuchubuka usijue. Iangalie kila jioni. Nyekundu yenye unyevu ni sawa. Ikigeuka zambarau au nyeusi, shuka utafute daktari siku hiyohiyo.

Haya yote ni baada ya daktari kukuruhusu. Tafadhali usiharakishe. Misuli ya tumbo ikibebeshwa mzigo kabla haijapona, ngiri hutokeza pembeni ya stoma, na kuitibu ni kazi kubwa.

Wiki moja kabla ya safari, toka nje ubadilishe mfuko umechuchumaa, bila bomba wala meza, kwa chupa moja tu ya maji. Mara ya kwanza nilitumia nusu saa, nikalia. Mara ya tatu, dakika kumi. Uliotumika ufunge ndani ya mifuko miwili, urudi nao.