Jibu kwa anayehamia Dodoma kuandika programu: tafuta bao kabla ya sofa

Mkuu, umeuliza mambo mawili: unaanza kazi ya kuandika programu Dodoma mwezi ujao na humjui mtu, utazoea vipi, halafu jioni watu wa huku wanapoza kichwa na nini, ukiacha baa. Mimi nina mwaka na miezi minne hapa. Nilitoka Dar na begi moja na kompyuta mpakato, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Ya makazi nayapitia haraka. Uliza maji yanatoka siku zipi na kama kuna simtanki, na beba sweta, maana Juni na Julai upepo wa jioni huku hauna utani. Pia kazini wengi tunauita msimbo, yaani maandishi ya programu, "kodi". Ukiwa uani chunga mdomo. Niliwahi kusema kwenye simu, "Kodi yote ipo tayari, naituma leo," mama mwenye nyumba akanisubiri mlangoni mpaka saa tatu usiku.

Kitakachokusumbua ni Ijumaa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wenye familia Dar wanatoka kazini na kwenda moja kwa moja stesheni. Ofisi inabaki na wewe na mlinzi. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nabaki humo mpaka saa mbili usiku, si kwa sababu kazi ilikuwa nyingi, bali chumbani kulikuwa na godoro tu. Nikirudi nacheza michezo ya simu, nalala macho yakiwaka.

Kijiwe nilikigundua kwa bahati, nikipita kununua ubuyu. Chini ya mwarobaini kuna meza mbili. Moja ni ya vijana wa bodaboda, drafti ya vizibo vya soda, kelele tupu, ukichelewa kusogeza kete unatukanwa mpaka ukoo. Nyingine ni ya wazee, bao la Kiswahili, mashimo 32 na kete za mkomwe zilizong'aa kwa kushikwashikwa. Nilisimama siku tatu nikiangalia. Siku ya nne mzee mmoja mstaafu wa reli, mtu wa Rufiji, akaniambia, "Kijana, shikamoo nimezichoka. Kaa."

Nilidhani naujua, nilicheza kijijini utotoni. Kumbe nilijua la watoto. Hili kila mchezaji ana kete 32: sita zinakaa kwenye nyumba, lile shimo kuu la mstari wako wa mbele, mbilimbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zinabaki mkononi unanamua, yaani unaziingiza mchezoni moja moja. Nyumba yangu ikanona mpaka kete 14. Nikaipenda. Kila nikipata nafasi ya kusafiri nayo, yaani kuzoa kete zake na kuzitembeza, naiacha ilale, nikiona nimeweka akiba. Mzee akashusha kete moja shimo linaloikabili, akazoa zote 14, akaanza kuzitembeza kutoka kichwani, shimo la mwisho pembeni, taratibu, kete moja moja, anaimba kwa pua. Akanitazama: "Ulikuwa unanifugia."

Watakuja watu hapa waseme bao linafundisha programu. Sijaona. Kilichonisaidia ni kitu cha kijinga zaidi: kijiwe hakina taa. Giza likiingia kete hazionekani, bao linafunikwa. Kwa hiyo ukitaka kucheza lazima saa kumi na moja uwe umeshatoka ofisini. Hakuna bosi wala rafiki aliyewahi kunitoa kwenye kiti kile, jua ndilo lililonitoa. Na mikono ikiwa na kete huwezi kushika simu.

Ingawa siku moja niliishika. Tunatengeneza mfumo wa tiketi za mabasi, na mimi nilikuwa nimepewa ripoti ya mauzo ya kila siku. Mhasibu wa mteja akapiga katikati ya mchezo: tena hesabu za leo haziendani na tiketi, na za jana zimezidi. "Tena", kwa sababu hitilafu hiyo nilikuwa nayo siku ya tatu, nimeificha. Mgeni, nipo kwenye majaribio, nikaona nikiuliza wataniona kilaza. Mzee akasema, "Ukiondoka, nyumba naila." Nikaondoka, akaila.

Njiani nikawa najicheka. Pale kijiweni nikikwama nauliza tu, "Hapa nafanyaje?" na watu sita wananipigia kelele kwa pamoja, wanne wakiwa wamekosea. Sioni aibu. Ofisini nina wenzangu watatu waungwana na nimenyamaza siku tatu. Nikampigia dada aliyenitangulia kazini. Akaniuliza tiketi zilizohama zilikatwa saa ngapi. Zote kati ya saa sita na saa tisa usiku. Basi. Seva, kompyuta inayotunza data zetu, inaandika muda wa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu, hivyo tiketi ya saa nane usiku kwenye kanzidata imeandikwa saa tano usiku ya jana yake. Nilikuwa napanga kwa tarehe kabla ya kubadilisha muda kuwa wa Dar es Salaam. Mstari mmoja. Aliuona kwa dakika tano, akaongeza kwamba na yeye mwaka wake wa kwanza alikula siku nne kwa jambo hilohilo. Siku nne!

Kwa hiyo wiki ya kwanza uliza mpaka uchoshe. Ukingoja mwezi wa tatu, swali lilelile litakuwia zito.

Kuna pia wanaokutana Jumamosi kucheza Catan nyumbani kwa mwenzetu, ule mchezo wa mezani wa Kijerumani wa kubadilishana mbao, matofali na kondoo. Ni mzuri, ila tuna Mgogo mmoja ambaye hatoi kondoo wake hata umpe nini, mchezo unaisha saa sita usiku. Drafti mimi sijaiweza, matusi yananizidi.

Ukifika niandikie faragha nikuelekeze. Njoo kabla ya saa kumi na moja, na usikalie benchi linalotazama magharibi, jua linapiga machoni mpaka unahesabu kete vibaya. Wageni wote wanapewa hilo. Mzee ndiye anayepanga viti.